Viwanja Vinne vya Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi huko kambini, wewe na wapima ardhi wenzako, na hiyo barabara yenu ambayo nasikia imeshavuka vilima viwili na sasa inasubiri daraja. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, mgongo haukusumbui tena, na kile kikohozi cha vumbi kimeachana nawe. Mke wangu anakusalimu sana. Baba yupo. Sisemi kwamba hatujambo, maana hali yetu nitaieleza polepole, nawe naomba usome mpaka mwisho kabla hujaikunja karatasi hii kwa hasira.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka miwili. Namba yako niliyo nayo haiiti tena, nami sikukulaumu ulipoibadilisha. Barua hii imebebwa na dereva wa lori la saruji, yule anayeleta mzigo kwenu kila Jumanne. Nimemwapisha aikabidhi mkononi mwako na si kwa mtu mwingine.

Siku ile ya funguo naikumbuka kama jana. Baba alikuwa amerudisha pikapu nyuma akaangusha nguzo ya lango la jirani, mchana kweupe, wageni wamekaa wanatazama. Ukamchukulia funguo mbele yao ukamwambia, "Baba, huoni." Nadhani ungemwita mwizi angekusamehe mapema zaidi. Akakuamuru uondoke. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nikanyamaza kama niliyemeza ulimi. Ulipokwisha kuondoka, nikamwambia Baba kwamba ile nguzo ilikuwa imeoza, hata kuku angeiangusha. Akacheka, akanipiga bega. Haikuwa imeoza, dada.

Basi ujue kwamba ulisema kweli. Miezi mitatu iliyopita alimimina chai pembeni ya kikombe mpaka ikatiririka mapajani, na ndipo alipokubali kwenda kwa daktari wa macho. Ikaonekana ni presha ya macho. Jicho la kulia limekwisha kabisa. La kushoto, daktari alinieleza, ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: kilicho karibu na mbele yake anakiona vizuri, cha pembeni hana, cha mbali kinampotea kikisogea tu. Kilichopotea hakirudi. Upasuaji ni wa kuokoa hicho kitundu kilichobaki, na kitundu chenyewe kinazidi kuziba. Akampangia siku.

Baba alikubali, lakini kwa sharti. Unamjua. Alifanya kazi miaka thelathini na moja akiwa fundi wa mashine za kukatia nyasi kwenye uwanja mmoja wa gofu, na kila Jumatatu alasiri, wafanyakazi walipopewa ruhusa, alicheza gofu yake kwa fimbo alizounganisha mwenyewe kutokana na zilizovunjwa na wenye hasira. Uwanja ule ule, mashimo yale yale kumi na nane. Alisema amekula chungu kimoja miaka thelathini na moja na hajui mapishi ya wenzake. Kabla ya kisu cha daktari, alitaka safari ya likizo, akacheze kwingine. Na hakutaka viwanja vya kwenye kalenda, vilivyonyooka na kung'aa kama kichwa kilichonyolewa. Alitaka viwanja vyenye kisa.

Nikaomba likizo kiwandani, nikabandika ramani ukutani sebuleni, tukaanza kutafuta. Dada, hizo ndizo zilikuwa siku za furaha za mwisho humu ndani. Nilimpigia yule muuza vipuri vya mashine aliyekuwa akimletea Baba mikanda na visu, maana ametembea kila mahali penye nyasi. Nikauliza madereva wa malori. Uwanja mmoja tulioambiwa ulikwisha geuzwa makazi, na bwana aliyepokea simu akajaribu kuniuzia kiwanja cha kujenga. Mwingine akaapa kwamba wana gofu nzuri sana, kumbe ni hoteli yenye mashimo manne na bata. Baba alicheka mpaka akashika ubavu, akasema tuweke alama na hapo, pengine wale bata wanacheza vizuri kuliko sisi. Mwisho tukabaki na viwanja vinne. Daktari akaturuhusu wiki mbili, dawa ya matone isikose asubuhi wala jioni. Akanisisitizia mimi, si Baba, kwamba tusichelewe kurudi.

Uwanja wa kwanza ulikuwa ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Huko hawana nyasi kuzunguka mashimo. Wamemwaga mchanga, wakauchanganya na oili chakavu, wakaushindilia ukawa mweusi na laini kama lami iliyopoa. Baba alipiga magoti akaunusa. Akatangaza kwamba ni oili ya gia, si ya injini, na mzee aliyekuwa akilinda pale akakubali kwa mshangao. Baba akafurahi kama mtoto aliyejibu swali darasani.

Kisha akapiga mpira wake wa kwanza. Mpira wenyewe ulio chini ya miguu yake anauona barabara, na mikono bado ni ile ile. Ila ukishapaa tu, umemtoroka. Akasimama na fimbo begani, akaniuliza umekwenda wapi. Ulikuwa umegonga mwamba, ukaruka kushoto, ukatumbukia shimo la maji ya mvua. Nikamtazama usoni. Alikuwa amenyanyua kidevu, anasubiri, kama mtu anayesubiri kusomewa matokeo. Nikamwambia umekwenda katikati, umepita jiwe kwa hatua chache.

Unajua Baba huitia alama mipira yake yote kwa nukta ya rangi nyekundu, ile iliyobaki tulipopaka lango. Mfukoni mwangu nilikuwa nayo mingine minne ya akiba. Nikatangulia, nikaudondosha mmoja pale niliposema. Naye alipofika akaukuta. Nilijiambia ni mara moja tu, aanze safari kwa moyo mkunjufu. Mtu akila kipande cha kwanza hujiambia hivyo hivyo.

Uwanja wa pili unakatwa na reli. Kwenye shimo la sita unasimama upande huu na bendera iko upande wa pili, na kengele ikilia mnasubiri treni ipite. Ilipita ikiwa imejaa, abiria wakatupungia madirishani. Baba aliisikia, akavua kofia, akaanza kupunga kwa furaha, lakini behewa la mwisho lilikuwa limeshapita na alikuwa anapungia miti. Nilitaka kulia. Badala yake nami nikapunga, tukapunga wote wawili, na wacheza gofu waliokuwa nyuma yetu wakatutazama kama wendawazimu.

Siku hiyo alimaliza kwa mapigo machache kuliko alivyowahi kupata kwa miaka ishirini. Ndivyo nilivyohesabu mimi. Alisema mikono imekumbuka. Akaanza kuwapigia simu wenzake wa zamani, mmoja mmoja, wakata nyasi na watunza bustani waliostaafu, anawahadithia kila pigo. Nilikuwa nimekaa kando namsikia akirudia maneno yangu, "katikati, umepita jiwe", kana kwamba ameyaona kwa macho yake. Uso wake ulikuwa umerudi ule wa zamani, kabla mama hajatutoka. Ningeuachaje uzimike?

Wa tatu ulikuwa katika shamba la chai, bondeni. Mtunzaji ni mama mmoja mwenye buti za mpira, anafanya kila kitu peke yake: anakata nyasi, anauza soda, anaandika wageni kwenye daftari. Tulimkuta ameiinamia mashine yake iliyokufa, anaitukana kwa utulivu. Baba alimwomba apishe. Alifungua kabureta kwa vidole, hakuhitaji kuona, akaipuliza, akairudisha, na mashine ikawaka kwa kuvuta kamba mara mbili. Yule mama akasema huyu si mgeni tena, akafuatana nasi uwanjani.

Shimo la tatu hapo ni fupi. Unasimama juu ya ukingo, chini kuna dimbwi dogo, kisha duara la nyasi lenye bendera, chai imezunguka pande zote. Hatua mia moja na thelathini. Baba akapiga, na mlio ulikuwa safi, ule mlio ambao yeye husema unasikika kwenye mifupa. Akaniuliza. Nikamwambia sioni vizuri, ngoja niteremke. Nikatangulia mbio. Baada ya kitambo nikapiga kelele kutoka chini kwamba umo shimoni.

Aliteremka kwa kushikilia michai. Alipofika akapiga magoti, akatia mkono shimoni, akatoa mpira wenye nukta nyekundu. Wacheza gofu huishi miaka na miaka wasipate jambo hilo, kutoka juu kule mpaka shimoni kwa pigo moja. Baba aliukumbatia ule mpira kifuani kwa mikono miwili, akakaa chini, akalia. Tangu tumzike mama sijamwona akilia. Kwenye kijumba cha uwanja kuna ubao wa majina ya waliowahi kufanya hivyo, nao walikuwa watatu tu. Yule mama akaleta rangi nyeupe na brashi, akaandika chini yao, "Fundi, shimo la tatu, pigo moja." Baba akaupapasa ubao kabla rangi haijakauka, na kidole chake kikabaki cheupe.

Akaniuliza kama ninayo namba yako. "Ya mama," alisema, maana hajaacha kukuita mama. Nikamjibu kwamba haipatikani. Akasema basi ukipatikana nikwambie huyu asiyeona amefanya nini.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa njiani kwenda uwanja wa nne, alinitaka nipige simu hospitali. Nikadhani anataka kuuliza habari ya siku yake. Nikampa simu, macho yangu barabarani. Nikamsikia anamwambia muuguzi kwa adabu kabisa kwamba nafasi yake wampe mwenye shida, yeye hahitaji tena. Dada, nusura nitupe gari mtaroni. Nilisimamisha pembeni nikamuuliza amefanya nini. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto: "Mwanangu, mtu asiyeona anaweza kutia mpira shimoni kwa pigo moja, kwenye uwanja ambao hajawahi kuukanyaga?"

Siku mbili nzima nilihangaika. Nilimwomba, nilimfokea, nikamwomba tena. Nikampigia daktari kwa siri nyuma ya nyumba ya wageni. Daktari akaniambia kitanda atakishikilia mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, lakini hawezi kumpasua mtu anayekataa. Lazima Baba aje kwa miguu yake na aseme mwenyewe. Nikamuuliza je, tukikawia mwezi mmoja au miwili. Akasema tukikawia hivyo tusimpelekee tena mgonjwa, tumtafutie fimbo nyeupe. Nilirudi ndani na maneno hayo, na kila nilipofungua kinywa, Baba alikuwa na jibu moja, lile lile la shimo la tatu. Nilikuwa nimemjengea ukuta kwa mikono yangu, sasa nagonga kichwa juu yake.

Uwanja wa nne ni kiwanja cha ndege cha zamani. Zege la kurukia ndege bado lipo katikati, nyasi pande zote, tambarare mpaka macho yachoke. Asubuhi ya mwisho, hakuna mtu mwingine, nilimwambia Baba apige mipira mitatu, na safari hii mimi nitanyamaza. Yeye ndiye atakayeniambia imekwenda wapi. Alicheka, akasema nimekuwa daktari sasa. Akapiga. Akasema wa kwanza umenyooka, wa pili umekwenda kulia kidogo, wa tatu umenyooka tena na kuvuka zege. Akaanza kutembea kwa madaha, nami nyuma yake.

Wa kwanza ulikuwa umeingia kwenye miiba, kushoto kabisa. Wa pili haukufika mbali, hatua ishirini tu, naye aliupita karibu aukanyage. Wa tatu sikuuona mimi mwenyewe. Alifika pale alipodhani upo, akatazama chini, akageuka, akaenda mbele, akarudi. Kisha akapiga magoti akaanza kupapasa nyasi kwa viganja, kama mtu aliyedondosha sindano. Baba yetu, dada, anatambaa kwenye nyasi na suruali yake iliyopigwa pasi. Ilichukua labda robo saa.  Mwisho akasimama, akaelekea upande ambao sikuwepo, akauliza hewa, "Na ule wa bondeni?"

Hapa ndipo nilipokuwa nakuleta tangu mwanzo wa barua.

Ule wa bondeni niliutia mimi. Mpira wake uliangukia dimbwini. Nilipofika chini, maji yalikuwa bado yanafanya duara. Nikautoa mwingine mfukoni, nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu, nikautia shimoni kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Sikufikiri. Au nilifikiri kwamba ni pigo zuri mno kupotelea majini, na mlio ule ulistahili. Yule mama mwenye buti aliniona. Alikuwa amesimama kati ya michai, hakusema neno, akaenda kuleta rangi kwa sababu Baba alikuwa tayari analia. Tulipokuwa tunaondoka alishika dirisha la gari upande wangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wako nimemwandika ubaoni kwa rangi. Wewe utaifutaje?" Nikawasha gari.

Nilimwambia Baba haya yote pale kwenye zege, bila kuruka kitu. Alisikiliza. Akaniuliza katika viwanja vyote vinne nilimwambia kweli mara ngapi. Nikamwambia pale alipopiga vizuri nilimwambia kweli. Akauliza nayo ilikuwa mara ngapi. Nikamwambia sikumbuki. Mimi mwenyewe nimeichanganya. Ndipo aliposema kwa utulivu ambao ningeupendelea uwe kipigo, "Basi mimi sikucheza. Umecheza wewe." Akaenda akakaa kiti cha nyuma cha gari. Njia ilikuwa ya saa saba. Nilikuwa namwona kwenye kioo, amegeuzia uso dirishani.

Sasa ni siku ya nne tangu turudi. Haongei nami isipokuwa kwa salamu. Matone anayakataa nikimshikia mimi. Anatia mwenyewe na nusu yanamwagikia shavuni. Asubuhi ya jana nilimwambia chai ni ya moto, akaigusa kwanza kwa kidole. Nikamwambia nje kuna mawingu, achukue koti. Akatoka hadi uani akanyoosha mkono, akasubiri tone. Dada, sijapigwa maishani kama nilivyopigwa na mkono ule. Hata habari ya hospitali, alimwambia mke wangu kwamba hajui tena aamini lipi, huenda na daktari tumepanga naye. Nilimwambia uongo akaamini, nimemwambia kweli sasa ananishuku. Wewe ulifukuzwa kwa neno moja la kweli, mimi nikabaki nyumbani kwa maneno mia ya uongo, nikaitwa mtoto mwema. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na viwanja vinne, na mwisho wake ni jicho la Baba.

Nilianza kuandika barua hii asubuhi ya leo, Jumapili, hapa mezani. Nilikuwa sijafika nusu Baba akaingia, akasikia kalamu, akauliza naandika nini. Nikasema namwandikia dada. Nilitegemea ageuke atoke. Akavuta kiti. Akaniambia nimsomee nilichoandika, na nikathubutu kumsomea, ukiwemo ule mstari wa nguzo ya jirani. Hapo alinisimamisha. Akauliza, "Kwa hiyo haikuwa imeoza?" Nikasema haikuwa. Akanyoosha mkono akaigusa karatasi.

Kisha akasema niandike hivi, na naandika kama alivyosema. Kwamba atakwenda hospitali Ijumaa, iwapo wewe utakuja umpeleke. Kwamba mimi nisimsindikize, nisiwemo garini, wala nisiwe mlangoni watakapomfungua bandeji. "Siku hiyo nitauliza mbele yangu kuna nini," alisema, "na nataka mtu ambaye akinijibu sitalazimika kupapasa." Nikamuuliza kama kuna lingine. Akasema nikwambie kwamba hakuamuru uje, anaomba. Na kwamba usipokuja hataenda, na hatakulaumu.

Dada, mimi sina haki ya kukuomba chochote, na bado nakuomba. Lori litaondoka kesho alfajiri, litakufikia Jumanne. Ukipata ruhusa ukapanda basi la Jumatano, Alhamisi alasiri utakuwa hapa. Ijumaa ni siku ya mwisho ya daktari. Ukikwama, namba ya mke wangu nimeiandika mgongoni mwa bahasha. Mpigie hata kwa simu ya kuazima, useme ndiyo au hapana, tujue. Kama hutaki kuniona, usijali hilo. Tangu Alhamisi nitakuwa kwa mwenzangu wa kiwandani, na nitarudi mtakaponiita, au nisirudi. Nikasirikie utakavyo, mwaka mzima ukitaka. Ila njoo kwanza.

Nakuandikia mistari hii ya mwisho na dirisha liko wazi. Jirani ameleta mashine yake ya kukatia nyasi, na Baba ameipindua uani anaifungua. Tangu nijue kutembea, hajawahi kufungua injini bila kuniita nimkabidhi spana. Nimemsikia sasa hivi amedondosha moja kwenye zege. Anaitafuta kwa kiganja, nami naiona ilipo, karibu na mguu wake wa kushoto, na sithubutu kusema.

Wasalimie wenzako wa kambini. Mke wangu ametandika kitanda chako tayari, sikumwambia afanye hivyo. Mungu akulinde njiani na akulete salama.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba